Mbona watu wa thelathini na kitu wanasepa kazini? Tuongee ya Arusha na Moshi

Kuna malalamiko ukikaa na waajiri wa hapa Arusha huyakosi, awe mwenye hoteli kule Njiro au mwenye kampuni ya utalii yenye ofisi karibu na Clock Tower, wote wimbo mmoja: vijana wa siku hizi hawana uvumilivu, unamfundisha kazi akishaiva anasepa. Ukigeuka upande wa pili kwa hao wanaosemwa unaskia habari nyingine kabisa, "hela sio mbaya sana ila mazingira, aisee". Ukimbana akwambie mazingira gani, anaanza na bosi, anarukia likizo, anapitia umbea wa ofisini, anamalizia na nani kapangiwa safari nzuri msimu huu, yaani kila kitu kwa pumzi moja. Hapa nataka tulifungue hilo fundo maana naona waajiri wengi wanajibu swali ambalo hawajaulizwa.

Kwanza tujue tunamuongelea nani. Mileniali kwa hesabu inayotumika sana, ile ya Pew Research Center ya Marekani, ni waliozaliwa kati ya 1981 na 1996. Piga hesabu mwenyewe, wadogo wao ndo wanaingia thelathini na wakubwa washavuka arobaini zamani. Hawa sio watoto jamani. Sera ya vijana ya Tanzania inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, kwahiyo wengi wao hata serikalini sio vijana tena, wana watoto wanaosoma, wana kiwanja Ngaramtoni au Moshono chenye msingi uliosimama tangu mwaka juzi, wana mzazi Rombo au Marangu anayesubiri hela ya dawa kila mwezi. Na kazini wengi ndo masupavaiza na wakuu wa vitengo saa hizi. Ila kwenye kikao mzee mwenye kampuni bado anasimama anasema "hawa vijana wetu wa hapa", na mtu wa miaka 38 anaangalia chini anachezea kalamu.

Sasa huo utamaduni wa kazini ni nini hasa. Kuna profesa mmoja wa Marekani alifundisha MIT, Edgar Schein, aliugawa kwenye tabaka tatu na mimi sijaona maelezo yanayoeleweka kuliko hayo. Tabaka la juu ni vinavyoonekana, sare, ofisi ilivyopangwa, nani anakaa chumba chenye AC. La kati ni yanayosemwa rasmi, yale ya kwenye bango pale mapokezi, Uadilifu, Ushirikiano, Ubunifu. La chini kabisa ni yale ambayo hakuna anayeyasema kwasababu kila mtu anayajua: kwamba hutoki kabla bosi hajatoka hata kama kazi uliimaliza saa tisa, kwamba mpwa wa mkurugenzi haandikiwi barua ya kujieleza, kwamba ukiumwa haitoshi kusema unaumwa mpaka utume picha ya dripu. Mgeni akiajiriwa hayo hapewi kwenye makaratasi, anajifunza kwa kuumia.

Mtu wa thelathini na kitu akikwambia sehemu fulani mazingira mabovu, anaongelea hilo tabaka la chini. Mwajiri akiskia malalamiko anakimbilia kurekebisha la juu, ananunua fulana zenye nembo, anaandaa bonanza la mwisho wa mwaka, mbuzi wanachomwa, mziki unapigwa mpaka usiku. Nyama inaliwa vizuri tu. Januari barua za kuacha kazi zinaingia kama kawaida alafu mzee anashangaa, "si juzi tulikuwa wote tunacheza?"

Mimi ninavyoona, ukiyachambua hayo malalamiko yote mengi yanaangukia sehemu moja: mtu hajui mambo yake kazini yanaamuliwa kwa kigezo gani. Bosi mkali anavumilika, kuna watu wamefanya kazi miaka kumi na bosi anayefoka kila asubuhi na hawana kinyongo kwasababu anafoka kwa wote na kwa sababu ileile. Mshahara mdogo nao unavumilika kwa muda kama unajua utapanda lini na ufanye nini upande. Kinachomshinda mtu ni utaratibu unaobadilika kutegemea bosi kaamkaje au nani alikunywa naye bia jana.

Na hiki kizazi kuwa hivo kina sababu zake, haijadondoka tu kutoka juu. Angalia kilipokulia. Kwa wazazi wao mtu akiingia viwanda kama General Tyre au Kiltex hapa Arusha ilijulikana kashafika, atazeekea palepale. Miaka ya tisini ukaja ubinafsishaji, watu wakapunguzwa, viwanda vingine mashine zikanyamaza moja kwa moja, na mtoto wa darasa la tatu akarudi shule akamkuta baba nyumbani mchana wa Jumanne. Alafu mjini ikaja Mahakama ya Kimbari ya Rwanda, ile ICTR iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994 ikaweka makao pale AICC, kwenye jengo la mikutano ya kimataifa, watu wakapata ajira nzuri, madereva, wakalimani, walinzi, makarani, na tarehe 31 Desemba 2015 ikafungwa rasmi. Mwaka 2016 serikali ikasitisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi, wenye digrii zao za moto wakakaa mtaani wanasubiri. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma ikaunganishwa, neno kikokotoo, yaani hesabu ya kupata mafao ya mstaafu, likaingia kila kijiwe na kila mtu akawa mtaalamu wa pensheni ghafla.

Alafu 2020. Kwa mtu wa Dar corona ilikuwa habari mbaya, kwa mtu wa Arusha na Moshi ilikuwa kufutwa kwa kalenda nzima. Watalii wa nje walioingia Tanzania walikuwa kama milioni 1.5 mwaka 2019, mwaka uliofuata wakashuka hadi karibu laki sita na ishirini elfu. Kambi zilifungwa, magari ya safari yakapaki nyasi zikaota chini ya matairi, waongoza watalii wenye uzoefu wa miaka kumi na tano mlimani wakauza parachichi na nyanya. Kuna kampuni zilikaa na watu wao zikawaambia ukweli, jamani hela hamna, tutagawana nusu mshahara mpaka Juni tuone. Kuna zingine zilizima simu. Waliofanya kazi kwa wale wa kwanza wengi walirudi hali ilipokaa sawa, wale wa pili mpaka leo wanatangaza nafasi za kazi na wanashangaa wenye uzoefu hawaombi. Huu mji ni mdogo, stori zinatembea.

Hata watu wa mashirika, ambao mtaani tunawaona ndo wamekula bingo, wanaishi kwa mkataba wa mradi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya nchini iliyokuwa inategemea hela za USAID, shirika lake la misaada, ilisimama, mtu ana mkopo wa benki na ada ya mtoto anaambiwa abaki nyumbani kwanza. Sasa mtu aliyepita huko kote unamwambia "kuwa na uvumilivu, kampuni ni familia". Familia gani tena.

Tuingie kwenye hela kidogo maana watu wanaongea mshahara bila kuangalia salari slipu. Chukua mtu ana mshahara wa msingi 800,000 na alisoma chuo kwa mkopo wa Bodi. NSSF, mfuko wa pensheni, inakata asilimia 10, elfu 80. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, laki na ishirini. PAYE, yaani kodi ya mshahara, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 inakuja elfu 60. Anabaki na 540,000, na hapo hajatoa kikoba wala mchango wa sendofu ya binti wa mhasibu. Bosi kichwani mwake anamlipa laki nane, yeye kichwani mwake analipwa laki tano na kitu, wakikaa mezani kuongea nyongeza kila mmoja anaongelea mshahara wake. Ndo maana posho ya safari, bashishi na ovataimu vinapiganiwa hivo, hapo ndo panapoziba pengo, na hapo ndo upendeleo unapouma.

Kwenye utalii hii inaonekana wazi kuliko sehemu nyingine yoyote. Dereva wa safari anayeongoza watalii au muongoza mlima mara nyingi anaishi kwa safari anazopangiwa, mshahara wa kudumu kama upo ni mdogo, kinachoingia ni posho ya siku na bashishi ya wageni. Kwahiyo swali kubwa la utamaduni wa kazi kwenye kampuni ya utalii ni moja, nani anapanga safari na anapangaje. Julai mpaka Oktoba kazi zinamwagika hata mvivu anapata, tatizo ni Aprili na Mei masika yakishika, safari chache, watu wengi. Kama mpangaji anapanga kwa zamu na orodha iko ukutani kila mtu anaiona, kelele zinapungua sana hata kama safari zenyewe ni mbili. Kama anapanga kwa simu usiku, basi hapo utamaduni wa kampuni ni kumpelekea mpangaji kuku. Wala sitanii. Utasikia fulani kapata familia ya watu sita Serengeti siku nane, fulani anaitwa kupokea mgeni uwanja wa ndege wa KIA na kumshusha hotelini tu, na hakuna anayethubutu kuuliza.

Mlimani nako kuna wagumu, wale wanaobeba mizigo. Kanuni ipo, mzigo wa mgumu usizidi kilo 20 na getini unapimwa, na kampuni nyingi zinafuata. Ila ukiongea na wagumu wenyewe watakwambia unaijua kampuni mkishavuka geti, kama mzigo unabaki uleule uliopimwa, kama chakula kinatosha mpaka siku ya kushuka, na kama bashishi inagawiwa mbele ya wote na wageni au inapita kwa kiongozi kwanza alafu inafika imekonda. Kilomita zilezile, kilele kilekile cha mita 5,895, kampuni moja mtu anarudi anataka kupanda tena wiki ijayo na nyingine anarudi anatukana.

Nikija kwenye heshima, hapa ndo waajiri wengi wanakosea kabisa kusoma. Wanadhani hiki kizazi hakitaki shikamoo. Kinataka, kimelelewa nayo, nenda ofisi yoyote Moshi mjini utaona mtu wa miaka 40 anamwamkia mhudumu wa ofisi mama mtu mzima kabla hajaweka begi chini. Ugumu unaanza pale cheo na umri vinapopishana. Dada wa miaka 33 ni meneja wa usafirishaji, chini yake kuna dereva wa miaka 56 aliyeanza kazi huyo dada akiwa chekechea, na risiti za mafuta haziendani na kilomita. Anasemaje? Anasema "shikamoo baba, samahani, naomba tuangalie hizi risiti pamoja", mzee anaitikia marahaba na anaondoka, risiti hazijaangaliwa. Akilipeleka juu, mkurugenzi anamwambia yule ni mzee wetu, kaa naye kwa busara. Kwahiyo ana cheo na hana mamlaka, na mwisho wa mwezi hesabu za mafuta zisipokaa sawa anayeandika maelezo ni yeye. Watu wa hivi ndo wanaoacha kazi wakiwa na mshahara mzuri tu na kila mtu anasema kapatwa na nini huyu.

Kingine ni kufokewa mbele ya watu. Wazee wengi wanaona ni malezi ya kazi, wao walifokewa wakanyooka. Mtu wa miaka 36 akifokewa mbele ya mgeni mapokezi au mbele ya intani aliyekuja juzi, hajibu, anasema "samahani mkuu", jioni anafungua laptopu anarekebisha CV. Kimya chake bosi anakichukulia ni adabu. Na anayebaki karibu na bosi ni chawa, yule wa "umeongea point mkuu" kwenye kila kikao, ambaye kazi hajui ila anajua nani kasema nini kwenye chai ya saa nne. Chawa wapo vizazi vyote tuseme ukweli, na mileniali wapo tena wa kiwango cha juu.

Alafu kuna muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi, masaa ya kawaida hayazidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, ovataimu inalipwa mara moja na nusu ya saa la kawaida, ukifanya kazi siku yako ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili, likizo ya mwaka siku 28. Kwenye makaratasi tuko vizuri kuliko watu wanavyodhani. Tatizo ni grupu la WhatsApp la kazi. Sheria iliandikwa kabla ya WhatsApp kuwepo, sasa saa nne usiku unaingia ujumbe, "nani anajua gari ya Karatu iko wapi", dakika kumi baadaye alama ya kuuliza, alafu "mbona kimya". Hakuna aliyelazimishwa kujibu, ila asubuhi aliyejibu anaonekana mchapakazi na aliyekuwa anamuogesha mtoto anaonekana hajali. Na kuna kitu wengi hawakijui mpaka kiwakute, vile vifungu vya masaa na ovataimu haviwahusu wale wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Yaani ukipandishwa cheo unaweza ukapoteza haki ya ovataimu, na nyongeza uliyopewa isifikie ovataimu uliyokuwa unaipata. Nimeona watu wanapiga sherehe ya kupanda cheo bila kufanya hiyo hesabu, na nimeona mwingine mjanja amekataa cheo, wenzake wakamwona chizi.

Nikiwa mkweli kuna upande mwingine ambao mileniali wenyewe hawapendi kuuskia. Tabaka lile la chini la utamaduni, saa hizi wao ndo wanalibeba. Muulize supavaiza wa miaka 37 kuhusu wale wa chini yake waliozaliwa kuanzia 1997, atakwambia hawana uvumilivu, wanaondoka saa kumi na moja kamili, wanauliza malipo kabla ya kazi. Yaani kaseti ileile aliyokuwa anawekewa yeye. Na kwenye kujitolea ndo balaa zaidi, kwasababu wengi wa kizazi hiki walijitolea mwaka mzima au zaidi bila hata nauli, wakisubiri kuajiriwa, sasa wakiletewa intani anayedai nauli ya daladala kutoka Usa River wanaona anadeka. Sisi tulitembea. Sawa mlitembea, ila mlikuwa mnalia mkitembea, mmesahau?

Sasa kuna sehemu zinazofanya tofauti na wala hazijatumia hela nyingi. Mambo yenyewe ni ya kawaida mpaka yanachosha: tarehe ya mshahara haisogei, na ikibidi isogee mnaambiwa mapema na siku mpya inatajwa. Vigezo vya kupanda vimeandikwa, hata kama ni mistari minne. Mtu akikosea anaitwa pembeni. Nafasi ikitoka inatangazwa ndani kwanza kabla mtoto wa shangazi hajaonekana kwenye kiti. Mkataba una kazi zake zimeandikwa ili ile "na kazi nyingine utakazopangiwa" isije kugeuka kumpeleka mama mkwe wa bosi hospitali ya KCMC kila Jumatano.

Likizo ya Desemba ndo mtihani mzuri kuliko yote kwa huku kwetu. Mchaga bila Krismasi nyumbani anaona mwaka haujaisha, barabara ya kutoka Dar inajaa magari yanayopanda Kilimanjaro, ukoo unakutana, vikao vya familia vinasubiri mwezi huo. Na Desemba hiyohiyo ndo wageni wamejaa, hoteli zimejaa, mlima umejaa. Kisheria mwajiri ndo anapanga lini likizo ichukuliwe, mradi isipitilize miezi sita baada ya mzunguko wa mwaka kuisha, kwahiyo akisema Desemba hapana hajavunja sheria. Kinachoua watu ni kuambiwa hapana tarehe 20 wakati nauli ishalipwa, alafu tarehe 23 unamwona mwenzako status yake yuko kihamba, shamba la ukoo kule nyumbani, ana ndafu.

Kuna loji moja njia ya Karatu waliamua kumaliza hilo ugomvi kwa karatasi. Mwezi wa pili wanakaa wote, Desemba inakatwa vipande viwili, kipande cha Krismasi na kipande cha mwaka mpya, kila idara inapiga kura ya bahati, aliyepata Krismasi mwaka huu mwakani hayumo kwenye kura hiyo. Orodha inabandikwa jikoni karibu na saa. Kubadilishana ruksa, mradi muandikishane. Meneja mwenyewe jina lake limo. Mtu akikosa anakosa akijua tangu Februari, anawaambia wazee nyumbani mapema, ukoo unasogeza kikao au unaendelea bila yeye, ila hana wa kumnunia. Waliopinga hiyo kura mwanzoni walikuwa watatu tu, na wote walikuwa wale ambao Krismasi walikuwa hawaikosi hata mara moja.